Kilomita Nane za Dorte

Dorte Callesen nimemjua miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo sijamsikia akiomba kitu mara mbili. Ukisahau kumpitishia chumvi mezani, atakula chakula chake hivyo hivyo mpaka amalize, kisha ataosha sahani. Tumepika pamoja, mimi na yeye, katika kantini ya madereva wa malori pale Padborg, Denmark, mpakani kabisa, ambapo ukitoka nje kumwaga taka unaiona Ujerumani. Yeye alinitangulia kazini. Siku yangu ya kwanza alinionyesha sufuria, akanipa aproni, akaniambia bosi hana maana lakini mshahara hauchelewi. Halafu akanyamaza mpaka Ijumaa.

Nilidhani ananichukia. Mume wangu Preben, ambaye ni mzaliwa wa huku huku, alicheka nilipomsimulia. "Amekusengenyea bosi siku ya kwanza?" akasema. "Basi huyo amekupenda kweli."

Naeleza haya mapema ili nieleweke nitakapokasirika huko mbele.

Tilek aliingia kantini siku ya Jumatano, na Jumatano sisi hupika kababu za nguruwe na mchuzi mzito wa kahawia. Alikuwa dereva wa kampuni moja ya Lithuania, mtu wa mji wa Osh, Kirgizistani, mrefu, ana sharubu alizozitunza vizuri kuliko lori lake. Alielekeza kidole kwenye trei, akauliza kwa Kijerumani cha barabarani kama ni nguruwe. Dorte akatikisa kichwa kukubali. Yule bwana akachukua viazi vitupu, akashukuru, akaenda kukaa. Dorte alimwangalia kidogo, akarudi jikoni, akakaanga mayai matatu, akaenda kumwekea juu ya viazi bila kusema neno na bila kumtoza.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka kumi na minne pale, na miaka yote hiyo nala viazi na siagi kila Jumatano.

"Shoga," nikamwambia, "mimi pia sili nguruwe."

"Najua," akajibu. "Lakini wewe huna sharubu."

Hapo nikajua mambo yameiva. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hajaolewa, anaishi na baba yake shambani nje kidogo ya mji. Mama alishafariki. Kaka yake Nis alikuwa mji wa mbali, Aarhus, anakuja Krismasi na siku za kuzaliwa. Ng'ombe waliuzwa zamani, mashamba yamekodishwa, kilichobaki ni nyumba ya matofali mekundu, banda tupu na mlingoti wa bendera ambao mzee Asmus, baba yake, aliupaka rangi nyeupe kila masika kwa mkono wake. Tilek akawa akipata mapumziko anaegesha lori Padborg, anakwenda kule shambani kwa miguu na mfuko wa tikiti maji au zabibu kavu. Mzee hakuwa na neno naye. Walikaa benchi moja uani wakitazama barabara, kila mtu na lugha yake, wote wawili wameridhika.

Majira ya baridi ya mwaka huo mgongo wa Dorte ulikataa. Kunyanyua masufuria miaka yote ile kulimfikisha kwenye meza ya upasuaji, akalala nyumbani miezi kadhaa. Kwanza alipata malipo ya ugonjwa, kama kila mfanyakazi. Wiki zake zilipoisha, mshauri wa halmashauri, mwanamke mwenye sauti ya upole na kibandiko cha ua kifuani, akamwita ofisini, akamtengea chai. Akamwambia kuanzia mwezi ujao atalipwa kwa mpango mwingine, asiwe na wasiwasi, ni jina tu la malipo linalobadilika. Dorte akatia sahihi. Wiki tisa baadaye mgongo ukawa mzima, akarudi jikoni. Hakuna aliyemdanganya. Yule mwanamke alisema alichokijua, na alichokijua ndicho kilichokuwa mezani kwake.

Miezi minne baadaye Dorte na Tilek wakaoana.

Kuoana katika nchi hii ni kazi ya dakika kumi. Watu wanatoka pembe zote za dunia kuja kufungishwa ndoa Tønder, mji wa jirani yetu, Mbrazili na Mjerumani, Mchina na Mtaliano, karatasi chache, picha mbele ya ukumbi, wanakwenda zao. Sisi tulikuwa wanne: bwana harusi, bibi harusi, mimi na Preben mashahidi. Dorte alivaa gauni la buluu alilokwisha kulivaa kwenye mazishi ya shangazi yake, maana lilikuwa bado zima. Aliposema "ndiyo" aliisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia, mpaka msajili akatabasamu. Tukala aiskrimu tukiwa tumesimama kwenye upepo. Kuoana basi kukaisha. Kukaa pamoja ndiko kulikobaki, na huko ndiko nchi hii ilikofunga milango.

Jumatatu yake, baada ya zamu, tulikaa kantini na karatasi zimejaa meza. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kuendelea vile vile: Tilek aje kwa kibali chake cha Lithuania, alale siku mbili tatu, aondoke, na kibali kikiisha basi, aanze kuomba viza ya matembezi kama mgeni yeyote. Ya pili ilikuwa kibali cha familia cha hapa Denmark, na hicho kina masharti ya kumkalisha mtu chini: ukubwa wa nyumba, dhamana ya benki, mtihani wa lugha, miaka mingapi umefanya kazi, umewahi kupokea msaada gani wa serikali. Ya tatu ilikuwa Flensburg.

Hii ya Flensburg watu wa hapa mpakani wanaijua wote, ingawa hawaisemi kanisani. Mdenishi akibaki kwao, sheria ya kwao ndiyo inayomwamulia nani alale naye nyumba moja. Akihamia Ujerumani, anakuwa mwananchi wa Ulaya anayeishi nchi ya jirani, na mwenzi wake anaingia kwa sheria ya Ulaya, ambayo haina roho mbaya kiasi hicho. Wa Copenhagen huvuka daraja wakahamia Malmö, Sweden. Sisi tuna Flensburg. Unapanga vyumba viwili, unajiandikisha, kazini unaendelea kuja kwa gari.

"Kilomita nane," nilimwambia. "Nimepima kwenye simu, kutoka lango la baba yako mpaka ile nyumba niliyokuonyesha. Mimi kwetu tulikuwa tunafuata unga mbali kuliko hapo."

"Nimeiona. Ina kibaraza."

"Sasa unangoja nini?"

Alipanga karatasi zikalingana pembe. "Nimelipa kodi tangu nina miaka kumi na sita, Hawa. Sijawahi hata kuegesha gari vibaya. Kwa nini nipite mlango wa uani wakati huu wa mbele ni wa kwetu?"

"Kwa sababu wa mbele wameutia komeo."

"Komeo ni la watu wanaodanganya. Mimi nitaandika ukweli."

Mtu wa huku anaiamini serikali yake kama mtoto anavyomwamini mama yake. Mimi niliingia kwa ndoa kabla sheria hazijakazwa, na hata hivyo kila barua kutoka uhamiaji nilimpa Preben aifungue. Yeye alikuwa na hakika. Lakini Tilek aliitaka Flensburg, na wiki ile nilimwona Dorte akiifungua ile picha ya kibaraza zaidi ya mara moja. Alikuwa anaelekea kukubali. Kilichomgeuza ni keki.

Mzee Asmus alitimiza miaka themanini na tatu, na watu wa huku kwetu, kusini mwa Jutland, wakitimiza miaka hawachezi. Meza ya kahawa ilikuwa na keki aina kumi na nne, laini na ngumu, na ni lazima ule zote, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Bendera ilikuwa juu tangu asubuhi. Wenzake wa kwaya walikuja wote sita, pamoja na Nis na mkewe, mimi na Preben, na Tilek aliyevaa suti ya harusi. Tulikuwa tumefika keki ya tisa Preben alipoufungua mdomo wake. Mume wangu ni mtu mwema, ila akishashiba anaongea.

"Nasikia hawa vijana wanataka kupanga Flensburg," akasema.

Vijiko vikasimama. Mzee Asmus aliweka kikombe chini, akakizungusha mpaka mkono wa kikombe ukamwelekea.

"Sisi tumeshawapa Wajerumani mkono mmoja," akasema. "Inatosha."

Mkono wenyewe ulikuwa wa baba yake. Enzi hizo upande huu ulikuwa chini ya Ujerumani, wakamchukua kijana wa watu kwenda kuwapigania vita vya Kaizari, vile vya kwanza vya dunia, akarudi na mkono mmoja. Watu walipoitwa kupiga kura mwaka 1920 wachague nchi, akaenda na huo uliobaki kuichagua Denmark. Picha yake ilikuwa ukutani juu ya kabati la vyombo, mkono mtupu wa koti umebanwa kwa pini. Wazee wa kwaya wakaitazama, mmoja akasema "naam". Kisha mzee akanyanyua sahani ya keki ya kumi, akampitishia Tilek kwa heshima zote.

Tilek akaniinamia. "Amesema nini baba?"

"Anasifu keki," nikamdanganya.

Na nieleweke vizuri. Kila Jumamosi, mzee huyu huyu alipanda gari la Dorte, wakavuka mpaka kwenda kununua bia na peremende kwenye maduka ya upande wa pili, kwa sababu bia ile ile ya Denmark inauzwa nafuu Ujerumani. Maegesho yote pale huwa ya magari ya Denmark. Mzee alisukuma mkokoteni mwenyewe na kulalamika kwamba wamepandisha bei. Kwa hiyo Ujerumani ya kununua ilikuwa halali, ya kulala ndiyo haramu.

Jumatatu nikamuuliza Dorte, "Vipi, ile nyumba ya kibaraza?"

"Nimewapigia. Nimewaambia wampe mtu mwingine."

"Kwa sababu ya neno moja la mzee?"

"Baba hasemi maneno mengi," akasema. "Likitoka, limetoka."

Akajaza fomu ya Denmark. Kurasa zile alizijaza kwa mwandiko wa shule, hakuruka hata swali. Lilipofika swali la msaada wa serikali katika miaka mitatu iliyopita, akaandika zile wiki tisa na kuambatanisha barua ya yule mwanamke wa halmashauri. Nilimuuliza kama hakuona vema kwanza aulizie kwa mtu anayejua sheria. Akanishangaa. Wao ndio wanaojua sheria, akasema, na wameniuliza, nami nimewajibu.

Wakakaa nayo miezi minane. Barua za serikali huku zinaingia kwenye simu, na ile iliingia saa nne asubuhi tukiwa tunakata matango. Dorte alifuta mikono, akasoma akiwa amesimama karibu na mashine ya kuoshea vyombo, akairudisha simu mfukoni, akaendelea na tango lake mpaka likaisha.

"Wamekataa," akasema.

Yale malipo ya wiki tisa, ambayo jina tu ndilo lililobadilika, yalikuwa chini ya sheria nyingine, na aliyepokea malipo ya sheria hiyo hawezi kumleta mwenzi mpaka miaka mitatu ipite. Ulibaki mwaka mmoja na miezi kumi. Barua ilimtakia kila la heri. Nilitaka kwenda kule halmashauri nimtafute yule wa kibandiko cha ua nimwambie maneno ambayo hata Kidenishi hakina. Dorte akanizuia. "Alinipa chai," akasema. "Hakujua."

Tilek alifika wikiendi ile. Waliketi meza ya dirishani, na mimi nikawa nafuta meza ya jirani ambayo ilikuwa safi, kwa sababu sina aibu.

"Basi Flensburg," Tilek akasema.

"Mwaka mmoja na miezi kumi si mingi," akasema Dorte.

"Kibali changu kinaisha kabla ya hapo. Kampuni yenyewe inayumba."

"Utaomba viza ya matembezi."

"Dorte, hawampi viza ya matembezi mtu mwenye mke huku. Wanajua hatarudi." Alimshika mikono yote miwili, pale pale mbele ya madereva. "Nimeendesha lori kilomita milioni moja, mke wangu. Milioni. Wewe nakuomba nane."

Dorte aliangalia mikono ile. Nilisali kimoyomoyo aseme ndiyo, na nasema kweli, alikuwa karibu.

"Baba alishasema," akajibu.

Tilek aliachia mikono taratibu. Jioni ile aliondoka na lori lake kabla ya saa yake.

Mimi sikumwacha. Nilimfuata mpaka chumba cha kubadilishia nguo. "Muulize tena," nikamwambia. "Mzee alisema neno lile mbele ya kwaya nzima, ana keki tisa tumboni. Ulikuwa mwaka jana. Kaa naye jikoni, mwambie, Baba, mume wangu anarudi kwao, naomba ruhusa yako. Atakunyima?"

"Huku hatuulizi mara mbili."

"Mnaishi nyumba moja, Dorte. Mnakula pamoja asubuhi na jioni. Mnaongea nini?"

Akafikiri. "Hali ya hewa," akasema. "Na kama kuna maziwa."

Nilitamani kumtikisa. Mimi kwetu, baba akisema hapana unamtuma shangazi. Shangazi akishindwa, unamtuma rafiki wa baba. Akishindwa huyo, unagoma kula siku mbili mama aone. Hapana ya kwetu ni mwanzo wa mazungumzo, na kila mzee anajua hivyo anapoitamka. Hawa wenzetu wanaitamka mara moja na kuiacha mezani, kila mtu anaizunguka, hakuna wa kuiondoa. Nilimwambia nitakwenda mimi kumuuliza mzee. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho akanikaripia. "Ukifanya hivyo, Hawa, sitakuja tena kwako." Nikaogopa kumpoteza. Nikanyamaza, na kunyamaza huko najilaumu mpaka leo.

Kampuni ya Lithuania ikafunga milango vuli ile ile. Tilek akarudi Osh, akapata kazi ya kuendesha basi la mjini. Akaomba viza ya matembezi, akanyimwa, sababu ikiwa ile ile aliyoisema. Dorte alikwenda mara mbili, likizo zake zote, akarudi na picha: yeye na mama mkwe wamekaa chini wanakata vitunguu, yeye amefungwa kilemba, anacheka mdomo wazi. Sikujua kama ana jino la dhahabu huko nyuma. Kila saa ya mapumziko alikaa kwenye gari lake nje ya kantini akiongea naye kwa simu, injini ikiunguruma ili apate joto. Kwenye kalenda ya jikoni alikuwa anakata kila mwezi uliopita kwa kalamu ya kuandikia nyama za friji.

Alikuwa amekata miezi kumi na sita siku aliporudi ndani kutoka kwenye gari na kuanza kumenya viazi ambavyo tayari vilikuwa vimemenywa.

"Amechoka," akasema.

"Amesema nini hasa?"

"Amesema hajui kama namtaka yeye au nataka kuwa mtoto mzuri." Alimenya kiazi mpaka kikawa kama gololi. "Mama yake ameugua. Kuna mwanamke jirani anamsaidia kumhudumia."

Sikuuliza kuhusu huyo jirani. Talaka ya huku mkiwa mmekubaliana ni ya kubofya kwenye kompyuta, yeye huku, mwenzake kule. Alibofya saa ya chai. Nilimuuliza kama alilia, akasema mashine ilimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Ilibaki miezi sita sheria imruhusu kuomba upya.

Masika yaliyofuata mzee Asmus aliteleza akiwa anaupaka rangi ule mlingoti wake, akavunjika nyonga. Hospitali ikamtengeneza, lakini kurudi shambani hakukuwezekana, akapewa chumba katika nyumba ya wazee, dirisha linatazama kituo cha basi. Nis akashuka kutoka Aarhus na mafaili. Shamba lazima liuzwe. Dorte angeweza kupanga sehemu mjini, mzee na Nis wakapatana hivyo kwa dakika tano, naye akakubali, kama kawaida yake.

Mnunuzi alipatikana haraka: familia moja ya Hamburg, baba, mama na watoto watatu, waliochoka na jiji. Wajerumani wengi wanahamia upande huu siku hizi, wanasema shule zetu nzuri. Mzee Asmus alitia sahihi akiwa kitandani, miwani imekaa upande. Nilikuwepo, nimekuja na Dorte kumletea pajama. Nilingoja aseme neno kuhusu mkono. Hakusema.

"Wanaonekana wachapakazi," akasema. "Wameomba mlingoti ubaki. Na bei waliyotoa si mbaya hata kidogo."

Nilimtazama Dorte. Alikuwa anakunja pajama. Mimi nilitoka nikaenda kukaa chooni, kwa sababu ningebaki pale ningemtukana mtu mzima.

Jumapili iliyofuata tulikwenda tena. Nyumba ilikuwa imeshakabidhiwa, Dorte alikuwa amelala usiku wake wa kwanza katika chumba kimoja cha kupanga juu ya duka la viatu. Alileta keki ya kununua. Mzee alikuwa mchangamfu siku ile, nyonga haikumsumbua, akatusimulia habari za muuguzi mmoja anayeimba vibaya. Halafu akatazama nje.

"Yule dereva wako," akasema, "yule mwenye sharubu. Yuko wapi siku hizi?"

Tangu siku ile ya keki, hilo lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu Tilek.

"Kwao," Dorte akasema. "Tumeachana, Baba. Mwaka jana."

"Ah. Pole sana." Alionekana amesikitika kweli. "Alikuwa mtu mtulivu. Nilimzoea. Nilidhani mtakwenda Flensburg kama wale wengine."

Dorte alikuwa ameshika kisu cha keki. "Wewe ulikataa."

"Mimi?"

"Siku yako ya kuzaliwa. Ulisema tumeshawapa mkono mmoja, inatosha."

Mzee alikunja uso akiitafuta siku ile, akaipata. "Kweli nilisema," akakubali. "Kwaya yote ilikuwa imekaa pale, mwanangu. Ulitaka niseme nini?" Akampapasa mkono kama mtu anayemtuliza farasi. "Nikangoja uje unieleze. Hukuja, nikajua mmebadili mawazo wenyewe, nikaona si kazi yangu kuuliza."

"Ningekwenda Flensburg, ungefanya nini?"

Alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, maana ni mtu mkweli.

"Ningenuna," akasema. "Wiki mbili, labda tatu. Halafu ningepanda basi nije kunywa kahawa."

Dorte akaanza kumkatia keki. Alikata kipande, akakikata tena, na tena, mpaka sahani ikawa makombo tu ambayo hata uma usingeyashika. Mzee alikuwa ameshageukia dirisha, anatazama watu wakipanda basi. Dorte akaweka kisu chini, akaisogeza sahani mbele ya baba yake.

"Kula, Baba," akasema.